Saa Moja Bila Taa: Huku Kwetu Inazima Nini?

Kila mwaka, siku ya posho moja karibu na mwisho wa mwezi wa tatu, saa mbili na nusu za usiku, watu wa inchi nyingi wanazima taa za nyumba zao kwa muda wa saa moja. Wameipa jina Saa ya Dunia. Mwaka 2026 inaangukia tarehe 28. Ukitaja habari hii Goma, Bukavu ama Uvira, jibu la kwanza ni kicheko: « Banatuzimia kila siku, sasa tuzime tena nini? » Mwingine atauliza kama saa za delestaji haziwezi kuhesabiwa, juu kwa hesabu hiyo avenyu yake ingepewa zawadi ya dunia nzima.

Kicheko hicho kiko na swali la kweli ndani yake. Mtu anayeishi mahali ambapo umeme hauzimike anaweza kuuzima kwa kupenda, kama mtu aliyeshiba anavyoweza kufunga kula. Mtu anayepata umeme siku mbili kwa juma, ama yule hajawahi kuupata, ataambiwa nini? Kwa kujibu, inafaa tujue kwanza jambo hili lilianzia wapi, halafu tuangalie umeme wetu sisi unatoka wapi. Tutaona kama ampuli ya Kivu na ampuli ya Australia hazifanye kazi moja.

Ilianza Sydney

Sydney ni muji mkubwa wa Australia. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2007, shirika la kulinda mazingira WWF liliomba wakaaji wa muji ule wazime taa kwa saa moja, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu za usiku. Gazeti la Sydney Morning Herald lilisaidia kutangaza, na kampuni ya matangazo Leo Burnett ikachora mpango. Walioandaa walisema watu milioni 2.2 walishiriki. Mwaka uliofuata ilifika inchi 35, na mwaka 2009 inchi 88.

Kwa nini kuzima taa? Juu Australia wakati ule sehemu kubwa sana ya umeme ilitoka kwa makaa ya mawe. Siyo makala yetu ya miti. Ni mawe meusi yanayochimbwa chini ya ardhi, yanachomwa, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashini. Kila ampuli inayowaka kule iko na moshi wake mahali fulani, hata kama mwenye nyumba hauoni. Moshi ule unabeba gesi ya kaboni, na gesi hiyo inabaki angani sawa blanketi na kufanya dunia iwe na joto zaidi. Mtu akizima taa Sydney, ni sawa ametoa kipande kidogo cha jiwe kwenye moto.

Kipande kidogo kweli. Walioandaa walitangaza kwamba usiku ule wa kwanza matumizi ya umeme yalishuka kwa asilimia 10.2. Baadaye watafiti wawili walikusanya hesabu za inchi 10, kuanzia 2007 mpaka 2012, wakapata wastani wa asilimia 4. Na kuna fasi ambapo haikushuka hata kidogo: Calgary, muji wa baridi wa Kanada, mwaka 2008 matumizi yalipanda saa ileile. Kisha saa inaisha, taa zinawaka, mambo yanarudi vile yalikuwa. Wenye kuandaa wenyewe hawafiche hilo. Wanasema ni alama, ni njia ya kufanya watu wazungumze. Mwaka 2011 waliongeza alama ya kujumlisha kwenye 60 ya nembo yao, maana yake dakika 60 hazitoshi, inafaa mtu aendelee na kitu kingine.

Hata tarehe ilichaguliwa kwa hesabu. Mwisho wa mwezi wa tatu mchana na usiku vinakaribia kulingana kaskazini na kusini ya dunia, kwa hiyo saa mbili na nusu giza limeshaingia karibu kila mahali. Sisi wa karibu na ikweta hatuone tofauti, kwetu giza linaingia kisha saa kumi na mbili mwaka mzima.

Umeme wetu unatoka majini

Sasa turudi huku. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa metre hivi 1,460. Tanganyika iko chini, metre 770 hivi. Maji ya Kivu yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi na kushuka mpaka Uvira, na katika kule kushuka njo tunapata umeme. Ruzizi I, iliyojengwa mwisho wa miaka ya 1950, iko karibu tu na muji wa Bukavu, na inaongozwa na SNEL. Ruzizi II ilifunguliwa 1989, ni ya inchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi, kupitia kampuni SINELAC. Waya wake unafika mpaka Goma. Ukijumlisha zote mbili hazifike megawati 75, na Ruzizi II tunaigawanya na majirani.

Upande wa Kivu Kaskazini, Virunga Energies ilianza na mtambo mdogo wa Mutwanga mwaka 2013, ikafuata Matebe katika Rutshuru mwisho wa 2015 na megawati 13, kisha Luviro upande wa Lubero. Kalemie inalishwa na Bendera, kwenye mto Kyimbi. Kote ni maji. Na waya wa Inga, ile Inga kubwa ya Kongo ya Chini ambayo tunaisikia tangu utoto, haujafika kwenye mtandao wa Kivu.

Maana yake ni moja, na ni nyepesi kuelewa: ukizima ampuli Kadutu ama Katindo, hakuna moshi unaopungua. Hakuna jiwe jeusi lililobaki bila kuchomwa. Maji yamebaki ziwani kidogo, ni hayo tu. Mkongomani mmoja anatoa gesi ya kaboni ya mafuta na viwanda isiyofika hata tani 0.1 kwa mwaka. Mtu wa Australia anatoa karibu tani 15. Yeyote atakayekuja kufundisha watu wa Kivu kwamba ampuli yao inaharibu hewa ya dunia, anawadanganya. Heri kusema wazi.

Lakini kuna kitu kingine ambacho ampuli yako inakula, nacho ni nafasi ya jirani.

Umeme kwenye waya hauwekwe akiba sawa maji kwenye bidoni. Unaotumika sasa unatengenezwa sasa hivi. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa ine za usiku kila mtu amerudi nyumbani: ampuli, tele, pasi, firigo, resho ya umeme, simu tano kwenye prizi moja. Mtambo hautoshe, na kabine ya kartiye ilijengwa kwa nyumba chache, leo inabeba mara kadhaa ya zile. Ndiyo unaona ampuli inakuwa nyekundu sawa mshumaa, tele inazima yenyewe, na mwisho kabine inapata joto na kuungua. Hapo kartiye inakaa juma mbili, mwezi, watu wanachanga pesa ya kuitengeneza. Delestaji nayo ni mgao huohuo: hakitoshe kwa wote, basi huyu apate leo, yule kesho.

Kwa hiyo kuzima saa mbili na nusu, hata kwetu, si jambo la bure. Ila sababu inabadilika. Sydney wanazima kwa ajili ya anga, sisi tungezima kwa ajili ya kabine. Na faida kubwa haiko kwenye saa moja ya mwaka. Ampuli ya zamani, ile inayochoma kidole, inakula wati 60. Ampuli ya LED inayotoa mwanga sawasawa inakula wati 8 hivi. Nyumba ikitoa moja ya zamani, inaweza kuwasha saba za LED na umeme uleule. Resho ya umeme ya wati 1,500 ni sawa karibu ampuli 190 za LED zikiwaka pamoja. Ukiiwasha saa mbili za usiku, umewasha avenyu mzima. Iwashe mchana, wakati kabine inapumua, na hakuna atakayekulaumu.

Moto wetu wa kweli uko kwenye mbabula

Kama ampuli haina moshi, moshi wetu uko wapi? Uko jikoni. Zaidi ya jamaa tisa kwa kumi katika Kongo wanapika kwa kuni ama makala. Mwenye kontere ya umeme nyumbani, mara nyingi bado anapika kwenye mbabula, juu umeme hauaminike: maharagi yanataka saa mbili, na hakuna mama atakayeweka chakula cha watoto mikononi mwa delestaji. Njo maana ninasema, na watu watakataa kama wanataka, kwamba huku kwetu shida ya mazingira haiko umeme mwingi. Ni umeme kidogo. Kila nyumba inayokosa umeme wa kutegemea inakimbilia saki ya makala.

Na saki ya makala ni mzigo mkubwa kuliko inavyoonekana. Katika tanuru za udongo zinazotumika huku, kilo moja ya makala inakula kilo 6 za miti, wakati mwingine hata 10. Sehemu kubwa ya nguvu ya muti imeshapotea porini kabla moto haujawashwa nyumbani.

Mwaka uleule wa 2007, miezi mine tu kisha Sydney kuzima taa, kitu kilitokea katika Hifadhi ya Virunga ambacho watu wa Rutshuru na Goma hawajakisahau. Mwezi wa saba, gorila wa milima wa jamaa ya Rugendo walikutwa wamepigwa risasi, pamoja na dume mkubwa Senkwekwe. Picha ya walinzi na wanakijiji wakimbeba juu ya miti, amelazwa sawa mfalme, ilizunguka dunia. Hawakuuawa kwa nyama. Uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makala: wenye kuchoma makala ndani ya hifadhi walikuwa na hasira juu walinzi walikuwa wanawazuia, na gorila wakiisha, sababu ya kulinda msitu nayo ingeisha. Kituo cha kulea watoto yatima wa gorila kule Rumangabo kinaitwa Senkwekwe mpaka leo.

Tusigeuze lakini habari hii kuwa ya watu wabaya na nyama wazuri. Mama anayeuza makala kwa mafungu barabarani anatafuta chakula na pesa ya shule. Jamaa zilizokimbia vita na kulala chini ya shitingi pembeni ya Goma zilikata miti ya hifadhi juu hazikuwa na kitu kingine cha kuchemshia unga. Kuwaambia wazime moto, ni kuwaambia wasile. Kinachowezekana ni kupunguza kile moto unakula, na kupanda miti ambayo ni ya kuchoma.

Kupanda kumefanyika. WWF haohao wa Saa ya Dunia walianza mwaka 2007 mradi wa EcoMakala katika Kivu Kaskazini: wakulima wanapanda miti inayokua haraka, mikaratusi, akasia na mingine, kwenye mashamba yao wenyewe, ili makala ya Goma itoke kule na siyo ndani ya hifadhi. Maelfu ya hekta yamepandwa. Haijamaliza shida, juu muji unakua kuliko miti, na vita inafukuza mwenye shamba kabla hajavuna. Lakini muti uliopandwa 2008 umeshapika vyakula vingi ambavyo vingepikwa na muti wa Virunga.

Kupunguza, nako, ni kazi ya kila jioni. Mbabula iliyotengenezwa vizuri, yenye udongo ndani wa kushika joto, inaweza kuokoa theluthi ya makala, mara nyingine nusu. Maharagi yaliyolowekwa usiku mzima yanaiva mapema sana kuliko yale makavu. Sufuria yenye kifuniko haitupe joto. Ukimaliza kupika, usiache makala iishe yenyewe: ifunike, ama izime na majivu, kesho itawaka tena. Tuhesabu: nusu kilo ya makala iliyookolewa jioni moja ni kilo 3 mpaka 5 za miti iliyobaki imesimama. Taa iliyozimwa saa moja Goma haijawahi kufanya hivyo.

Na wale walio na umeme wa kutosha, kama vile fasi fulani za Rutshuru na Goma, sufuria ya presha ya umeme inastahili kufikiriwa. Inafungwa, inashika joto, inakula kidogo sana kuliko resho ya wazi, na maharagi yanaiva bila mtu kukaa anapepea. Bei yake ya kununua njo kizuizi. Kundi la wamama wa likelemba wanaweza kuinunua kwa zamu, sawa wanavyonunua vyombo vingine.

Jambo moja tena la mbabula, juu linaua watu kila msimu wa mvua: usiiingize ndani ya chumba cha kulala kwa kutafuta joto. Makala inayowaka polepole inatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka kwenye ardhi na kuua mbuzi kwenye mabonde. Hii ya mbabula ni gesi nyingine, lakini inakuja kimya vilevile, na aliyelala haamke.

Mfuko unaozima muji

Kuna njia nyingine ambayo wakaaji wanazima umeme bila kugusa prizi. Mvua ikinyesha Bukavu, taka zote za vilima zinateremka kwenye mitaro: machupa, mifuko, viatu vilivyokatika. Mtaro unaziingiza ziwani. Ziwa linazileta pole pole kwenye mlango wa Ruzizi, na mlango wa Ruzizi unazileta mbele ya Ruzizi I. Pale kuna vyuma vya kuchuja maji kabla hayajaingia kwenye turbini. Taka zinaviziba. Wafanyakazi wanazitoa kwa mashua na kwa mashini, na wapiga mbizi wanashuka kwenye maji yale machafu kutoa zile zilizozama. Zikishinda, inafaa kusimamisha mashini moja, na Ruzizi I iko na mashini ine tu. Robo ya mtambo imekufa kwa sababu ya machupa.

Amri ya serikali ya tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki katika Kongo. Nenda sokoni leo uone. Ukinunua nyanya tano unapewa mfuko, ukinunua chumvi unapewa mwingine. Kati ya ule mfuko mweusi na giza la jioni kuna kilometre chache tu za maji, na kartiye nyingi za Bukavu zina mtaro unaoelekea ziwani. Kama kuna kundi la vijana linatafuta kazi ya kufanya siku ile ya posho ya mwezi wa tatu, kusafisha mtaro asubuhi kutaleta mwanga zaidi kuliko kuzima taa usiku. Ila taka zibebwe mpaka fasi ya kutupia. Tumeona wanaozitoa kwenye mtaro na kuziacha pembeni, mvua ya kesho inazirudisha.

Ukitaka kuzima, zima vizuri

Kuna wanaotaka kufanya saa ile pamoja na dunia nzima, hasa wanafunzi na makundi ya vijana. Si vibaya. Watoto wanapenda, na mtu akikaa gizani na watoto wake kwa saa moja, mazungumzo yanatoka ambayo tele haiyaruhusu. Lakini kuna makosa ambayo yanageuza alama kuwa hasara.

La kwanza ni jenereta. Usizime umeme wa Ruzizi ukawasha jenereta. Jenereta ndogo ya kilowati moja inakunywa hivi nusu lita ya esansi kwa saa, hata kama inabeba ampuli tano na tele tu. Kila lita ya esansi inatoa zaidi ya kilo 2 za gesi ya kaboni. Mtu wa Sydney akizima ampuli tano za LED na tele kwa saa moja anaokoa hivi gramu 100. Wewe na jenereta yako umetoa zaidi ya kilo moja. Umefuta kazi ya watu kumi wa Sydney, na umewasumbua majirani kwa kelele.

La pili ni buji. Buji inatengenezwa na mafuta yaleyale yanayotoa esansi, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni moto. Nyumba nyingi za Bukavu na Goma ni za mbao, zimeshikamana ukuta kwa ukuta, na tunajua vile Kadutu inaungua. Moto mmoja wa buji iliyosahaulika unaweza kumaliza nyumba 20 kabla maji hayajafika. Tumia taa ya simu, ama kataa ya pano ya jua, ama kaeni tu gizani.

La tatu ni usalama. Katika muji wa amani, avenyu yenye giza ni mchezo wa saa moja. Kwetu, giza liko na wenyewe. Acha taa ya nje iwake, zima za ndani. Musizime avenyu mzima pamoja bila kuzungumza na shefu wa avenyu na wa nyumba kumi, na kama hali ya usalama haiko nzuri, acheni kabisa. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa giza ni nini: mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano, muji ulikosa umeme, na pompi za maji zikasimama pamoja nao, watu wakateremka ziwani na mabidoni kuchota maji yasiyo safi. Pale kila mtu aliona kwamba umeme ni zaidi ya mwanga. Ni maji ya bomba, ni chanjo kwenye firigo ya kituo cha afya, ni mama anayezaa usiku. Vituo vya afya, kwa hiyo, wasiguse kitu saa ile.

Na wale ambao hawana umeme kabisa? Katika Kongo ni watu hivi wane kwa watano, na vijijini karibu wote. Saa ya Dunia haiwadai kitu. Kama wako na taa ya petroli ndani ya nyumba, kuibadilisha kwa kataa kadogo ka jua ni faida kwa macho na mapafu ya mtoto anayesoma, na hiyo inaweza kufanyika mwezi wowote pesa ikipatikana.

Firigo isiwatie wasiwasi. Ikibaki imefungwa, inashika baridi saa ine hivi, hivyo saa moja si kitu. Shida ni kuifungua kila mara kuangalia kama bado ni baridi. Toa kwenye prizi kila chombo kikubwa, hiyo ni tabia nzuri pia siku za delestaji, juu umeme ukirudi unarudi mara nyingi na nguvu isiyo sawa, na njo pale tele na firigo zinakufa. Saa tatu na nusu ikifika, washa kwanza ampuli moja. Iangalie. Kama inacheza, ikipanda na kushuka, ngoja. Ikitulia dakika tano ama kumi, rudisha tele, na firigo iwe ya mwisho.